Mluzi Mwishoni mwa Sahani

Mwenye Nyumba wetu alikuwa hasikilizi nyimbo. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wa mtaa wetu wa Ipagala wanalikosea, na mimi nimechoka kuwasahihisha mmoja mmoja. Wanasema yule mzee wa geti la bluu alikuwa anapenda miziki ya mashetani. Alikuwa nayo, ndiyo. Rafu nzima kutoka sakafuni mpaka dirishani, sahani nyeusi za santuri kutoka nchi za watu, roki ile nzito ya magitaa na makelele, hevi metali. Lakini kuipenda, sijui. Muda wote tuliopanga kwake sijawahi kusikia wimbo mmoja ukaanza mpaka ukaisha.

Alichokuwa anafanya ni hiki. Jumamosi baada ya chakula cha mchana anafunga mlango wa sebule, anaacha dirisha la uani wazi kidogo kwa sababu ya joto, anaweka sahani kwenye mashine, halafu anashika sindano kwa vidole viwili na kuipeleka moja kwa moja mwisho. Kule karibu na karatasi ya katikati, ambako nyimbo zimeshaisha na umebaki mstari mmoja tu unaojizungukia. Sindano ikifika hapo haitoki. Khhh-tk. Khhh-tk. Khhh-tk. Yeye anakaa kwenye kiti, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Akimaliza anageuza upande wa pili. Mwisho tena.

Sisi wapangaji tuko uani tunafua, tunachambua mchele, tunaisikia hiyo khhh-tk mpaka inaingia kwenye mikono, unakuta unafua kwa mwendo wake.

"Huyu mzee anakaanga nini humo ndani?" aliuliza Kaka Hamisi wiki aliyohamia. Alikuwa dereva wa ofisi ya serikali, kazi imemtoa Dar ikamleta kwenye vumbi letu, na kila asichokielewa alikifanyia utani.

"Anasikiliza," mama yangu alimjibu.

"Anasikiliza nini sasa? Mbona hakuna kitu?"

"Ndiyo hicho hicho."

Mimi na mama tulipanga vyumba viwili vya upande wa choo. Mama ni fundi cherehani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na hakuna kitu kinachonitesa kama kusubiri. Ndiyo maana nilimwangalia sana yule mzee. Nilikuwa sielewi mtu anawezaje kusubiri vile bila kuangalia simu.

Kelele alikuwa hazitaki. Hilo ndilo lililokuwa linatuchekesha: ana sahani za watu wanaopiga mayowe, lakini mtoto akivuta ndoo kwenye sakafu anatoka nje uso umejikunja. Hagombi. Anasimama mlangoni na kusema, "Jamani, punguzeni dunia kidogo." Basi. Tukawa tunaambiana hivyo hata sisi. Mama akikuta nimefungulia redio kwa nguvu: "Neema, punguza dunia."

Alikuwa na maneno yake mengine. Ukimwambia hakuna kitu, labda umeme hakuna au maji hakuna, anakuuliza, "Umesikiliza muda gani?" Ukimwambia una haraka, na mimi nilimwambia hivyo karibu kila siku, anasema, "Haraka yako haimfupishii njia anayekuja." Nilikuwa naona ni maneno ya wazee, wanayasema ili yawepo.

Mlango wa choo chetu ulishikiliwa na waya tangu tulipohamia. Tulimwambia, akasema atauangalia, akaja kuuangalia kweli, akaondoka. Wiki ile ile anapokea mzigo kutoka Japani, umefungwa kwa makaratasi na plastiki za mapovu kama yai la mbuni. Kaka Hamisi alisimama na taulo lake begani akautazama ule mzigo ukipita.

"Mzee, hicho kitu kutoka Japani hakina bawaba ndani?"

"Nitakuangalizia," Mwenye Nyumba alisema, na hakucheka.

Kanisani alikaa benchi la mbele. Alikuwa mzee wa kanisa, anapitisha sahani ya sadaka kwa mikono yote miwili. Hawezi kuona kuku akichinjwa, anaingia ndani. Sasa huyo huyo, ukifika sebuleni kwake unakutana na farasi wa mifupa. Farasi huyo anaruka mto wa moto, macho hana, na mgongoni kabeba mtu ambaye kichwa chake kimegeukia nyuma. Ndilo lilikuwa kava la sahani. Watoto wa mtaani waliwahi kuchungulia dirishani, na habari ikafika mpaka shule kwamba mzee ni frimasoni, kwamba wapangaji wake wakilala anawahesabu.

Mama Eliya wa chumba cha kona aliamini. Alikuwa anapaka mafuta ya upako kwenye mlango wa sebule ya mzee kila Ijumaa, kabla Jumamosi haijafika. Mzee aligundua. Siku moja alimkuta na chupa mkononi. Sote tuliacha kufua, tukingoja vita.

"Shikamoo, mzee," Mama Eliya alisema, kwa sababu ungefanya nini.

"Marahaba, Mama Eliya. Hayo mafuta yanavuta mchanga. Leta yale mepesi."

Akaendelea kupaka, na mzee akaendelea kufuta.

Mimi nilifika ndani kabisa siku ambayo alipata mzigo mkubwa na mgongo ulikuwa unamsumbua. Nilimwekea mezani. Nikageuka kuangalia rafu, nikasoma, nikaona kitu ambacho hakuna aliyekiona kwa kuchungulia dirishani. Zile sahani zote zilikuwa ni sahani moja. Farasi yule yule, toka juu mpaka chini. Wa Brazili moto wake ulikuwa na rangi ya papai bivu. Wa Japani alikuwa amefungwa mkanda wa karatasi wenye maandishi yao, kama bibi harusi. Wa India karatasi yake ilikuwa nyembamba, unaona kivuli cha kidole chako. Kuna nchi moja walimwogopa farasi wakamtoa, wakaacha kava jeusi tupu, na nakwambia hilo ndilo lilikuwa linatisha kuliko yote.

"Mzee, mbona unanunua kitu kimoja?"

"Sio kimoja. Kila nchi ilichapa ya kwake. Nyimbo ni zile zile, lakini sahani imezaliwa kwingine, kwa mikono mingine." Akavuta kiti. "Una masikio mazuri wewe? Nikiongea na mama yako kibarazani unasikia?"

Nikaona aibu. "Nasikia."

"Basi kaa. Mimi yangu yamezeeka. Siku hizi sijui kama nasikia au nakumbuka."

Aliweka sahani moja kuukuu, kava lake limechakaa pembeni, akapeleka sindano mwisho. Khhh-tk. Khhh-tk. Nilikaa nikiwaza nguo nilizoacha kwenye beseni. Nikataka kusema hakuna kitu. Nikakumbuka atakavyonijibu, nikaendelea kusikiliza.

Halafu nikausikia. Ulikuwa chini ya ile mikwaruzo, kama mtu yuko upande wa pili wa kilima. Mluzi. Miwili ya chini, mmoja wa juu unaokatika katikati, kisha kimya. Kimya chenyewe hakikuwa cha kuisha. Kilikuwa kama cha mtu aliyenyamaza ili asikilize.

 Nilimwangalia mdomoni, nikidhani ni yeye. Mzee hakuwa na meno ya mbele, juu wala chini. Hata jina langu alilisema kwa upepo.

"Umesikia?"

"Kuna mtu anapiga mluzi."

Aliinua sindano, akafunga kifuniko cha mashine taratibu, akakaa. "Huyo ni mdogo wangu," alisema.

Sasa hii ndiyo habari yenyewe, nitaisema mara moja bila kuzunguka. Mdogo wake alikwenda kusoma Ulaya, zamani, mimi sijazaliwa. Alikwenda nchi ambayo sasa haipo. Ilivunjika kwa vita, ikawa vipande vipande na kila kipande kikajipa jina. Wakati wa likizo kijana alifanya kibarua kwenye kiwanda cha kuchapa santuri. Mwanafunzi mwenzake aliporudi nyumbani alimletea Mwenye Nyumba sahani moja ya farasi, akamwambia, mdogo wako anasema hii ameichapa kwa mkono wake, iweke mpaka arudi. Baada ya hapo vita. Baada ya hapo hakuna mtu, hakuna maiti, hakuna aliyemwona.

"Alikwenda nchi ikafa," Mwenye Nyumba aliniambia. "Sasa sijui nani alimfuata mwenzake."

Walikua Mpwapwa, wachunga ng'ombe. Huko kila kijana ana mluzi wake, ng'ombe wanaujua na nyumba inaujua, huwezi kuchanganya. Mzee aliponunua mashine ya santuri, miaka mingi baadaye, aliisikiliza ile sahani mpaka mwisho na akamkuta mdogo wake pale. Akafanya kitu ambacho hata mimi ningefanya. Alisema, labda ni mbwembwe za wenye bendi, labda uko kwenye kila sahani. Ndipo akaanza kuagiza. Uingereza, hakuna. Ujerumani, hakuna. Japani, kimya safi kama maji. Ule mluzi ulikuwa kwenye chapa ya nchi iliyokufa tu.

Nikaenda kutafuta mtandaoni, maana mimi sipendi kudanganywa. Nikarudi kumwambia haiwezekani. Mtu anayebonyeza sahani kiwandani sauti yake haiwezi kuingia, ile inachongwa kabla, kwingine, na mashine.

"Ni kweli," alisema. "Nimesoma hayo zamani. Na wewe umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya."

Ingekuwa imeishia hapo ningesema ni ajabu, nikaendelea na maisha. Lakini alinionyesha jingine. Aliichukua tena ile ya nchi iliyokufa, mwezi mmoja baadaye, na mwisho wake ulikuwa mtupu. Nilisikiliza mpaka shingo ikauma. Khhh-tk tu. Akaweka ya Ugiriki, ambayo alishaijaribu mara nyingi na haikuwahi kuwa na kitu. Miwili ya chini, mmoja wa juu unaokatika.

"Umehama," nikasema.

"Ametembea," alisema yeye.

Kabla ya masika ulikuwa kwenye ya Uturuki, na ya Ugiriki imekauka. Akanifungulia ramani ya shule iliyokunjika mpaka imetoboka, akaweka kidole. Nilikuwa nataka kuondoka, lakini kila Jumamosi nilirudi. Mara ukawa kwenye ile ya India, kava jembamba. Hapo nikabisha kwamba India si njia ya kuja huku.

"Hujawahi kukosa gari la moja kwa moja wewe?" aliniuliza. "Anapita palipo na mlango. Nchi zote za hapo katikati hazikuichapa sahani hii. Imechapwa Kenya. Chache tu. Nikiipata ya Kenya, amefika jirani."

Kila ulipohama, ulikuwa karibu zaidi. Ule wa kwanza ulikuwa upande wa pili wa kilima. Ule wa India ulikuwa kilima hiki hiki. Siku moja mama alikuwa anaanika nguo uani, akasimama na kigauni mkononi.

"Nani anapiga mluzi mchana huu?"

Kaka Hamisi alikuwa amelala kwenye mkeka. Akafumbua jicho moja. "Sio mimi, dada. Na sio kutoka ndani. Mbona ni kama umetoka getini?"

Alienda kufungua geti. Hakukuwa na mtu barabarani, ni upepo tu unavuta vumbi. Toka siku hiyo Kaka Hamisi hakumfanyia mzee utani tena, na alinunua bawaba za choo kwa hela yake akazifunga mwenyewe.

Kilichokuwa kinamkaba mzee ni mama yake. Bibi alikuwa hai bado, Mpwapwa, mkongwe wa kubebwa. Kwao mtu aliyepotea wanaweza kumzika kwa kitu chake: wanachukua shati lake la shule, wanalitia kwenye sanduku, wanachimba, na ndugu yake mkubwa anaweka udongo wa kwanza. Bila yeye hakuna maziko. Ukoo wote ulikuwa tayari, na Bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa anasukuma. Mwenye Nyumba peke yake alikataa.

Baba yake mdogo alikuja Ipagala kumshika uso kwa uso. Alikuja na watu wawili, "mbukwenyi, mbukwenyi" nyingi za kusalimiana pale kibarazani, wakala ugali wa uwele na mlenda, kisha akafungua mazungumzo.

"Mwanangu, mama yako anasema hivi. Anaondoka. Akifika kule amtafute kijana wake upande gani? Upande wa waliofika au wa ambao bado? Hataki kufika akaanza kuulizauliza kama mgeni stendi."

"Asubiri kidogo."

"Asubiri nini?"

"Kuna sahani inatafutwa Kenya."

Baba mdogo akasogeza bakuli la mlenda pembeni. "Wewe unanunua sahani," alisema, "mama yako ananunua siku. Muuzaji wa siku ameanza kukataa."

"Nikimwaga ule udongo, baba, nimemuua mimi. Yuko njiani. Huwezi kumfukia mtu yuko njiani."

Wageni waliondoka hawajaridhika. Nilikuwa nakusanya sahani za chakula, nikamwona Mwenye Nyumba amebaki anaangalia mikono yake, anaigeuza, kama kuna udongo tayari.

Sisi tulihama baadaye. Matokeo yalitoka, hayakuwa ya kunipeleka popote, mama akapata fremu ya kushonea Chang'ombe, ile ya huku kwetu sio ya Dar, na mimi nikapata kazi ya kuchapa na kutoa kopi kwenye duka la jirani. Ukweli nilifurahi kuondoka. Nililala usingizi. Nilikuwa nimeshachoka kukaa sehemu ambayo kila mtu anasikilizia geti.

Ni mwaka huu, kiangazi, nilikuwa nabishana na mteja kuhusu picha za pasipoti, nikasikia, "Punguza dunia kidogo, binti." Mwenye Nyumba alikuwa mlangoni. Amekonda. Shati limemkaa kama limetundikwa. Kwapani ana kitu bapa kimefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imekuja." Akagusa ile kanga. "Imefika na basi la Nairobi. Sijaitegea masikio. Nataka kwenda nayo nyumbani kwa mama, na mashine siwezi kuibeba peke yangu. Na nataka mtu mwenye masikio. Wewe ndiye uliyesikia kwanza baada yangu."

Nilitaka kusema nina kazi. Nilimwangalia nikaona kwamba nikisema hivyo hatanibishia, atageuka tu aende. Nikamwomba bosi ruhusa.

Mpwapwa tulifika mchana. Bodaboda mbili kutoka stendi, yeye na sahani yake mbele, mimi na mashine nyuma nimeikumbatia, njia inapanda kuelekea vilimani. Nyumba ya Bibi ilikuwa tembe la zamani lililowekewa bati. Mbele yake zizi la miti, ndani yake ndama tu, ng'ombe wakubwa wako malishoni. Wazee wa ukoo walikuwepo na mwinjilisti wao, wamesikia kwamba anakuja. Shimo lilikuwa limeshachimbwa, pembeni ya mti wa mnyaa, dogo, na udongo wake mwekundu umerundikwa vizuri. Mwenye Nyumba aliliona akageuza uso.

Bibi alikuwa kitandani kibarazani. Nilipiga magoti nikamwamkia. Hakunijibu, na baba mdogo akaniambia, "Hasikii huyo. Siku nyingi. Mguse mkono." Nikamgusa. Alikuwa mwepesi kama ganda la karanga, lakini macho yake yalikuwa hapa hapa nasi.

Tukaiweka mashine kwenye kinu kilichopinduliwa, na umeme tukauvuta kwa waya kutoka ndani. Mwenye Nyumba akafungua kanga. Farasi yule yule. Chapa ya Kenya ilikuwa imepauka, moto umekuwa wa kahawia, rangi ya ardhi ya pale pale. Akasogea pembeni, akanionyesha sindano kwa kidevu. Nikaishika mimi, nikaipeleka mwisho.

Hatukusubiri. Ulitoka palepale. Miwili ya chini, mmoja wa juu unaokatika, na haukuwa ndani ya mashine. Ulikuwa kilimani nyuma ya nyumba. Wazee wote waligeuka kule, hata baba mdogo, na mmoja wao akavua kofia. Kilimani hakukuwa na mtu. Sindano ikazunguka, mluzi ukapigwa tena, kile kimya kikaja, ukapigwa tena.

Bibi hakusikia kitu. Alikuwa anatuangalia nyuso. Akauliza kwa Kigogo, na Mwenye Nyumba akamjibu kwa kuonyesha kwa mkono, sikio, kilima, na kimo cha kijana. Bibi akasema tena. Baba mdogo ndiye aliyenitafsiria.

"Anamuuliza, unamsikia?"

Mwenye Nyumba akatikisa kichwa kukubali.

"Anamuuliza, tangu lini?"

Akaonyesha kwa mkono: zamani.

Bibi akajiinua kwa kiwiko. Sikutegemea angeweza. "Anamuuliza," baba mdogo alisema, "umemjibu?"

Mwenye Nyumba akaangalia lango la zizi.

Kumbe iko hivi. Kijana akirudi na ng'ombe anasimama kilimani, anapiga mluzi wake, na hashuki. Anasubiri nyumba ijibu, ajue zizi liko wazi na pako salama. Asipojibiwa anakaa huko huko juu, hata giza liingie. Lakini kujibu ni kazi ya aliyebaki nyumbani, na aliyebaki nyumbani siku zote alikuwa mama. Mwenye Nyumba alikuwa mchungaji kama mdogo wake. Katika maisha yake alijua kupiga na kusubiri, hajawahi kujibu. Akamsikiliza mwenzake miaka na miaka, nchi kwa nchi, na haikumjia kabisa kwamba yeye ndiye nyumba.

Bibi aliongea maneno mengi, polepole. Baba mdogo alitafsiri akiwa ameangalia chini. "Anasema, mimi nimemjibu kila jioni tangu alipoondoka. Nimejibu mpaka masikio yamekufa, nimejibu mpaka pumzi zimekwisha. Mimi ninajibu na simsikii. Wewe unamsikia na hujibu. Kijana amesimama kilimani muda wote huo."

Halafu akamfundisha. Alikunja midomo, haikutoka sauti, akaburuta kidole kwenye ubao wa kitanda: mmoja mrefu, mmoja mfupi.

Mwenye Nyumba alisimama. Alitembea mpaka kwenye lango la zizi, akavuta ile miti ya kufungia mmoja mmoja akailaza chini, akageukia kilima. Akakunja midomo yake isiyo na meno. Kilichotoka ni upepo tu. Hata mimi niliyekuwa karibu nilisikia pumzi, sio mluzi. Mrefu. Mfupi. Akajaribu tena, machozi yanampita kwenye mikunjo ya uso. Mrefu. Mfupi.

Ndama walinyanyuka, wote kwa pamoja, wakageukia lango, kama wanavyofanya mama zao wakirudi. Wakarudi nyuma hatua kadhaa, wakaacha nafasi katikati. Hatukuona kitu kikiingia. Vumbi la langoni lilipanda kidogo likalala.

Nilirudi kwenye mashine. Khhh-tk. Khhh-tk. Nilisikiliza na masikio yangu yote. Mwisho wa sahani ulikuwa mtupu.

"Mzee," nikamwita. "Umekauka."

Alirudisha miti ya lango, akaifunga. Akaja akapiga magoti kitandani, akashika mkono wa mama yake, akauweka kwenye kifua chake, na kichwa chake kikasema ndiyo. Bibi alijilaza tena. Akasema neno fupi, na baba mdogo akatafsiri ingawa nilishaelewa: "Aliye hai angepiga simu, sio mluzi. Ameingia. Mlazeni."

 Waliliandaa lile sanduku, dogo, la mbao, ndani ya nyumba. Niliona likifungwa: shati jeupe la shule limekunjwa, kola imekuwa ya njano, basi, hakuna kingine. Kijana mmoja wa ukoo alilibeba kwapani kutoka chumbani kama unavyobeba redio, akaliweka kibarazani wakati mwinjilisti anasoma. Baada ya sala baba mdogo akainama kulichukua kwa mkono mmoja. Likakataa. Akaangalia chini kama limenasa kwenye kitu. Akaweka mkono wa pili, akaliinua kidogo, akalirudisha, akabaki ameinama anahema.

"Njooni mshike," alisema.

Wakaja wawili. Walipoliinua mishipa iliwatoka shingoni na ubao wa sanduku ulilia. Hawakuangaliana. Walianza kutembea kuelekea shimoni, miguu inazama mchangani, na kona moja ikaanza kushuka.

Mwenye Nyumba aliwahi, akaingiza bega lake kwenye ile kona.

"Polepole," aliwaambia. "Ametoka mbali."